Mtoto apimwe ili asaidiwe, asipimwe ili akataliwe

Karibu na Bagamoyo, watafiti walioongozwa na wanasaikolojia Robert Sternberg na Elena Grigorenko waliwapa watoto 358 wa shule, wenye umri wa miaka 11 hadi 13, vipimo vitatu vya kufikiri. Katika kimoja mtoto alipanga vitu kwa makundi. Cha pili kilimtaka afikirie, kwa maelezo aliyopewa, nani amemzidi nani. Cha tatu ni mchezo wa kuuliza maswali yasiyozidi 20 mpaka ugundue kitu ambacho mwenzako anakifikiria. Hadi hapo ni upimaji wa kawaida. Lakini baada ya duru ya kwanza, sehemu ya watoto hao walifundishwa namna ya kukabili maswali ya aina ile, dakika 5 hadi 10 tu kwa kila kipimo. Kisha wote wakapimwa tena. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002.

Watoto ambao hawakufundishwa walibaki karibu palepale: aliyeongoza mwanzo aliongoza tena, na wa mwisho akawa wa mwisho. Uwiano wa alama zao za kwanza na za pili ulikuwa takriban 0.8, na 1 ndiyo ingekuwa na maana kwamba mpangilio haukubadilika hata kidogo. Kwa waliofundishwa, uwiano uliporomoka hadi takriban 0.3. Yaani baada ya dakika chache za kuelekezwa, orodha ya nani ana akili na nani hana ilivurugika kiasi kwamba ile ya kwanza haikusaidia sana kuitabiri ya pili. Wengi wa wale walioonekana wazito walikuwa hawajawahi kuona swali la namna ile, basi.

Utafiti huu ulifanyika kwetu, kwa watoto wetu, na ungestahili kujulikana na kila mwalimu mkuu na kila mzazi kabla hajashika ripoti yenye namba moja iliyopigiwa mstari. Maana upimaji wa kisaikolojia wa watoto umeshaingia mijini kwetu, na umeingia kwa mlango wa uchaguzi wa wanafunzi. Mtoto wa miaka mitano au sita anapelekwa kufanya intavyuu ya darasa la kwanza kwenye shule ya binafsi, anakutana na mtu asiyemjua anayemuuliza kwa Kiingereza, na mwisho mzazi anaambiwa mtoto "hajafikia kiwango". Mwingine akishaanza shule na kusuasua, mzazi anaombwa alete ripoti ya mwanasaikolojia, na ripoti ikija inatumika kumwelekeza mlango wa kutokea. Wakati huohuo, mitaani na vijijini, kuna watoto wengi mno ambao hakuna aliyewahi kuwapima chochote. Hao wanaitwa vilaza, wavivu, watundu, na fimbo ndiyo tiba yao.

Naona makosa haya mawili yana mzizi mmoja. Tumelisahau swali la kwanza: tunampima mtoto huyu ili tumfanyie nini?

Aliyeanzisha vipimo hivi hakulisahau. Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume ya kutafuta namna ya kuwatambua watoto walioshindwa kwenda sambamba na wenzao darasani, wapewe mafunzo maalumu. Mjumbe mmoja wa tume hiyo alikuwa mwanasaikolojia Alfred Binet. Akishirikiana na daktari Théodore Simon, mwaka 1905 alitoa kipimo cha kazi 30 zilizopangwa kuanzia rahisi hadi ngumu. Nia ilikuwa kumwondolea mwalimu mamlaka ya kumhukumu mtoto kwa jicho tu, kwa kuwa mwalimu aliyechoka humwona mtoto msumbufu kuwa punguani. Binet alikataa katakata kwamba kipimo chake kinaonyesha kiasi cha akili ambacho mtu amezaliwa nacho na hakibadiliki. Mwaka 1909 aliandika kwa ukali dhidi ya waliofikiri hivyo, na alipendekeza mazoezi ya kuimarisha umakini wa watoto, ukiwemo mchezo wa kusimama tuli kama sanamu kwa muda unaoongezwa siku hadi siku. Alifariki mwaka 1911. Mwaka uliofuata Mjerumani William Stern alipendekeza kugawanya umri wa akili kwa umri wa kuzaliwa, ndipo ikapatikana namba ile moja iliyokuja kuitwa IQ.

Kipimo kilipovuka bahari kilibadilika tabia. Henry Goddard alikipeleka Marekani, na Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford akakiandika upya mwaka 1916. Wote wawili waliamini kwamba akili hurithiwa na kwamba walio na alama ndogo ni hatari kwa jamii. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu jimbo la Virginia kumfunga kizazi Carrie Buck, binti aliyewekwa katika taasisi ya watu walioitwa punguani, na sehemu ya ushahidi dhidi yake ilikuwa alama ya kipimo kilichotokana na cha Binet. Mtoto wake, Vivian, naye alidaiwa kuwa na upungufu uleule akiwa mchanga wa miezi michache. Vivian alienda shule na jina lake likaingia katika orodha ya wanafunzi waliofanya vizuri. Alikufa kwa maradhi akiwa na umri wa miaka minane.

Nimelitaja hilo kwa sababu linaonyesha umbali ambao namba inaweza kusafiri ikiachwa bila swali. Lakini kesi iliyo karibu zaidi na hali yetu ni ya California. Mwaka 1971 wazazi wa watoto weusi wa San Francisco walifungua shauri lililokuja kujulikana kama Larry P. Watoto wao walikuwa wamepimwa IQ, wakapata chini ya kikomo, wakahamishiwa madarasa ya watoto waliohesabiwa kuwa na upungufu wa akili. Madarasa hayo hayakuwa ya kumsaidia mtoto arudi kwa wenzake. Ukiingia humo masomo ya kawaida ndiyo umeagana nayo. Wanasaikolojia weusi waliwapima upya kwa kuzungumza nao kwa namna waliyoizoea, wakiyakubali majibu yenye mantiki hata kama hayafanani na ya kitabuni, na watoto wakavuka kikomo. Jaji Robert Peckham alitoa hukumu mwaka 1979: watoto weusi walikuwa takriban mmoja kati ya kumi katika shule za jimbo, lakini takriban mmoja kati ya wanne katika madarasa yale, na vipimo vya IQ visitumike kuwapeleka huko. Rufaa ya mwaka 1984 haikuligusa shina la hukumu hiyo.

Jaji hakuishia kuuliza kama kipimo kimetengenezwa kisayansi. Aliangalia mtoto anapelekwa wapi baada ya kupimwa, na akaona anapelekwa mahali pasipo na faida kwake. Huo ndio ukaguzi ninaotaka tuufanye hapa kwetu.

Tuichukue namba yenyewe. Kipimo kinachotumika sana duniani kwa watoto wa umri wa shule ni cha Wechsler, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1949. Toleo lake la tano ni la mwaka 2014. Wastani wake umewekwa kuwa 100, na takriban theluthi mbili ya watoto huangukia kati ya 85 na 115. Chini ya 70 huwa ni takriban watoto wawili katika kila mia. Lakini wastani huo ni wa watoto gani? Kwa toleo la Marekani, ni watoto 2,200 waliochaguliwa ili wawakilishe Marekani. Mtoto wa Mbagala akipewa 78 kwa kipimo hicho, maana yake amelinganishwa na watoto hao, waliolelewa na vitabu vyao, wanasesere wao, Kiingereza chao na mazoea yao ya kuulizwa maswali na mtu mzima ambaye tayari anajua jibu. Hilo la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana. Katika malezi ya kwetu mengi mtoto haulizwi maswali ya kujaribiwa na mgeni. Hutumwa, huelekezwa, hutazama na kuiga, na mbele ya mkubwa asiyemjua, ukimya ndiyo adabu. Kipimo kinaandika ukimya huo kuwa sifuri.

Kisha kuna kosa la kipimo lisilokwepeka, ambalo mwanasaikolojia mwaminifu huliandika kwenye ripoti na msomaji huliruka. Alama ya 72 haina maana ya 72 kamili. Inasema kwamba uwezo uliopimwa siku ile pengine uko kati ya 67 na 78 hivi. Mtoto aliyeamka na homa, aliyekosa chai, aliyetoka usingizini ndani ya daladala, yupo ndani ya namba hiyo pia. Hata wastani wa eneo zima hausimami tuli. Huko Embu, Kenya, watoto waliopimwa mwaka 1998 kwa kipimo cha picha cha Raven walifanya vizuri kwa kiasi kikubwa kuliko wale wa mwaka 1984. Katika miaka 14 udongo ni uleule na koo ni zilezile. Watafiti walielekeza kidole kwenye chakula bora zaidi, wazazi waliosoma zaidi na mabadiliko ndani ya familia.

Na kuna suala la kipi hasa kinapimwa. Mwanasaikolojia Robert Serpell, aliyefanya kazi Zambia kwa miaka mingi, aliwataka watoto wa Zambia na wa Uingereza waige maumbo kwa njia tofauti. Kwa penseli na karatasi, Waingereza walishinda. Kwa waya, Wazambia walishinda, kwa sababu watoto wa kule hutengeneza magari ya waya tangu wadogo. Kwa udongo wa mfinyanzi, ambao pande zote mbili waliuzoea, walikuwa sawa. Jicho ni lilelile na akili ni ileile. Kama Serpell angeleta penseli peke yake, dunia ingeandikiwa kwamba watoto wa Zambia hawawezi kuona maumbo sawasawa.

Usenge, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, jambo hilo lilijitokeza kwa sura nyingine. Sternberg na wenzake waliwapima watoto 85 wa miaka 12 hadi 15 maarifa ya dawa za mitishamba: ukiumwa hivi, utatumia mmea gani, na kiasi gani. Ni maarifa ya lazima mahali ambapo minyoo na malaria ni ya kila siku, na watoto wengi wanayo. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001, waliofanya vizuri kwenye dawa walielekea kufanya vibaya kwenye kipimo cha msamiati wa Kiingereza. Ufafanuzi mmoja wa watafiti ni kwamba familia huamua mapema mtoto gani anaelekezwa kwenye shule na yupi anaelekezwa kwenye maarifa ya nyumbani, na kila mmoja hukua upande aliolimwa. Napata uchungu nikifikiria ni wangapi kati ya hao wa dawa waliambiwa shuleni kwamba kichwani hamna kitu.

Sasa, kuna wanaosoma hoja za namna hii na kuhitimisha kwamba vipimo ni vya Wazungu, tuachane navyo. Nawapinga kwa nguvu ileile. Mtoto asiyesikia vizuri sikio moja, anayeketi nyuma katika darasa la watoto 90, anaonekana mkaidi. Mtoto mwenye kifafa cha aina ya kupotewa na fahamu kwa sekunde chache anaonekana anaota ndoto za mchana. Mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika, anajibu kila kitu kwa mdomo na kushindwa kila kitu kwa maandishi, na mwalimu anakata shauri kwamba ni mvivu. Mwenye usonji hupelekwa kwa mganga au kufungiwa ndani. Aliyenusurika malaria kali ya kichwani anaweza kubaki na shida ya kumbukumbu au lugha ambayo haionekani usoni. Hao wote wanahitaji kupimwa, na kila mwaka wanaokaa bila kupimwa ni mwaka wa kupigwa na kuchekwa.

Jibu lipo, na sehemu yake imetengenezwa hapahapa pwani ya Afrika Mashariki. Kilifi, katika kituo cha utafiti cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome Trust, mfuko wa hisani wa Uingereza, watafiti walihitaji kujua malaria kali inawaachia watoto madhara gani, na vipimo vya kununua havikufaa. Wakaunda vya kwao. Penny Holding na wenzake walichapisha mwaka 2004 mkusanyiko wa vipimo vya kumbukumbu, umakini na lugha vilivyorekebishwa kwa watoto wa kijijini. Mwaka 2008 Mkenya Amina Abubakar na wenzake wakaeleza kipimo cha maendeleo ya watoto wadogo kinachobeba jina la Kilifi, kwa walio na umri wa miezi 6 hadi 35, kinachotumia vifaa vinavyopatikana pale pale. Wapimaji walizungumza Kigiriama na watoto. Kazi hiyo ni ngumu na ya kuchosha: kila swali linajaribiwa, linaonekana halieleweki, linabadilishwa, linajaribiwa tena, halafu inaangaliwa kama wapimaji wawili wakimpima mtoto mmoja wanapata jibu moja. Malawi nao walifanya kama hivyo kwa kipimo chao cha maendeleo ya mtoto, kilichochapishwa mwaka 2010. Kwa hiyo anayesema hakuna njia ila kuagiza sanduku la vipimo kutoka ng'ambo na kulitumia kama lilivyo, hajatazama jirani.

Hata pasipo mwanasaikolojia kuna pa kuanzia. Dodoso la maswali kumi, lililoundwa miaka ya 1980 kwa ajili ya nchi zenye kipato kidogo na kujaribiwa pia Kilifi, humuuliza mzazi wa mtoto wa miaka miwili hadi tisa mambo ambayo mama yeyote anayajua. Ukilinganisha na wenzake, alichelewa kukaa, kusimama au kutembea? Anaonekana kuwa na shida ya kuona? Ya kusikia? Ukimwambia afanye jambo, anaelewa? Huwa anapata degedege au kupoteza fahamu? Halimtambulishi mtoto kwa jina la ugonjwa. Linasema tu huyu atazamwe zaidi, na hiyo inatosha kwa hatua ya kwanza. Mhudumu wa afya ya jamii anaweza kuliuliza uani, mama akiendelea kuchambua mchele.

Kinachokosekana ni cha kufuatia. Kenya ilianzisha vituo vya tathmini ya kielimu mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na wazo lilikuwa zuri: mzazi ampeleke mtoto, apimwe macho, masikio na namna anavyojifunza, kisha ashauriwe shule inayomfaa na namna ya kumsaidia nyumbani. Tanzania tuna vitengo vya elimu maalumu ndani ya baadhi ya shule za msingi. Walimu wa vitengo hivyo nawaheshimu kuliko ninavyoweza kueleza, kwani wanafanya kazi ya watu watatu. Lakini mtoto akishaitwa "wa kitengo" mara nyingi ndiyo basi, hapimwi tena kuona kama amepiga hatua na anaweza kukaa na wenzake. Tathmini ya mara moja inayodumu miaka saba ndiyo ileile iliyopelekwa mahakamani San Francisco.

Mzazi aliyepewa ripoti ana haki ya kuuliza, na mwanasaikolojia mzuri atafurahi kuulizwa. Mtoto alipimwa kwa lugha gani, na ndiyo anayoiota usiku? Kabla ya yote, aliangaliwa macho na masikio? Amelinganishwa na watoto wa wapi? Alama zake za sehemu mbalimbali zinafanana, au ana nguvu upande mmoja na udhaifu upande mwingine ambao wastani umeuficha? Hili la mwisho ndilo lenye faida zaidi, kwa kuwa mwalimu hawezi kufundisha kwa kutumia 84, ila anaweza kufundisha akijua mtoto huyu hukumbuka anachokiona kuliko anachokisikia.

Kisha aulize kama kuna aliyemtazama mtoto nje ya chumba cha kupimia. Hata mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la mwaka 2013, haukubali mtoto ahesabiwe kuwa na ulemavu wa akili kwa alama ya IQ pekee. Unataka ijulikane anavyoyamudu maisha ya kila siku kwa umri wake na mila za kwao. Anatumwa dukani na kurudi na chenji sahihi? Anapeleka ujumbe kwa shangazi na kuufikisha bila kuupotosha? Anamwangalia mdogo wake, anachota maji, anajua nauli? Mtoto anayefanya haya yote na kupata 65 kwa Kiingereza ana ripoti yenye kasoro, na ripoti hiyo irudishwe ilikotoka.

Kuhusu intavyuu za watoto wa miaka mitano, sioni cha kurekebisha. Zinachagua watoto ambao tayari wamefundishwa na chekechea ya gharama, halafu shule inajivunia ufaulu wao. Bagamoyo ilishatuonyesha kwamba dakika 10 za kuelekezwa hubadilisha nani anaonekana mwerevu. Miaka miwili ya kulipiwa tuisheni itashindwaje? Wizara zinazosimamia elimu zizipige marufuku kama njia ya kukubali au kukataa mtoto. Shule ikitaka kumjua mtoto mpya impime baada ya kumpokea, kwa lugha yake, na ripoti ibaki kwa mwalimu wake wa darasa na mzazi. Miezi sita baadaye wakae pamoja waangalie kilichofanyika.